Ngazi ya Chumbageni

Nilikuwa nimeshazoea magofu.
Ghala la mkonge lisilo na mlango kule Muheza,
stesheni ambayo siku hizi abiria wake ni mbuzi,
nyumba ya Pangani ambayo mzizi wa mkuyu
umeingilia dirishani ukatokea jikoni.
Yote nimeyabeba kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.

Hii nilielekezwa na fundi baiskeli:
"Ile yenye ngazi ya kwenda mbinguni?
Pita nyuma ya mashine ya kusaga, usiulize tena."

Ghorofa ilianguka. Ngazi ikakataa.
Imesimama uani peke yake
na mkono wake wa chuma ulioliwa na kutu,
inapanda, inapanda,
halafu anga.

Mvua imeipiga. Chumvi imeipiga.
Benki ikaipiga mnada,
mnunuzi akapigwa chenga na wenye hati.
Nami nimetoka Arusha, siku nzima kwenye basi,
nije niipige picha.

Nikafunga jicho moja. Makopa.
Kila kidato ungo, kila ungo mihogo,
nyeupe mno, inanivurugia vivuli.
"Mama, samahani, tungeyatoa kidogo?"

Bi Mwanasiti hakuinuka kwenye mbuzi,
aliendelea kukuna nazi.
"Nikiyatoa, ngazi itakuwa inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikapiga hivyo hivyo,
picha arobaini, zote za mtu aliyenuna.

Alasiri akapanda kuyageuza.
Alipanda kama anayehesabu, bila kushika chuma,
na kabla ya kidato cha mwisho
akasimama, akavua ndala,
akaziweka sawasawa, moja ubavuni mwa nyingine.

Juu hapakuwa na zulia.
Hapakuwa na mlango, wala ukumbi,
wala wenyewe waliohamia sijui Kanada sijui wapi.
Palikuwa na kunguru, naye aliondoka.

Nilimuuliza kutoka chini, nikijua nimechelewa kuuliza.

"Sakafu ile," alisema, akigeuza kipande kimoja kimoja,
"nimeipiga deki miaka kumi na mmoja.
Siikanyagi na viatu."

Picha niliyobaki nayo haina ngazi nzima.
Ina ndala mbili za bluu,
moja kamba yake imeshonwa kwa uzi wa gunia,
zimeelekea juu,
na pembeni kabisa, karibu ikatwe na fremu,
kisigino.