Bibi wa Dashibodi

Kila asubuhi, ufunguo ukizunguka,
anasema neno lake lilelile, kwa Kijapani,
kwa adabu ya karani wa benki anayekunyima mkopo.
Baba alimjibu miaka kumi na mitatu:
"Asante mama, na wewe siku njema."
Ndipo akatia rivasi, tukatoka Kileleshwa.

Kwenye skrini hatukuwahi kutoka kokote.
Diski ni ya mwaka elfu mbili na nne, haijui Afrika;
mshale mwekundu, ambao ndio sisi,
unaelea kwenye buluu isiyo na jina.
Foleni ya Dagoretti Corner, tuko majini.
Kwa fundi Ndolo, Kirinyaga Road, tuko majini,
na gari li juu ya mawe, halina hata gurudumu.
"Mzee, tung'oe hii," Ndolo akasema,
"nikuwekee mpya, inajua Ruiru mpaka vichochoro."
Baba akacheka. Ruiru naijua, alisema,
nisilolijua ni huyu mama anataka nini.

Julai, saa kumi na mbili, kioo kimejaa ukungu:
kiti cha kushoto kilipasha moto, cha kulia waya ulikufa.
Mimi nikaketi kama andazi kwenye karai,
yeye akaendesha akipuliza vidole.

Mlangoni kuna vitufe viwili.
Bonyeza cha pili: kiti kinarudi nyuma, nyuma zaidi,
kinashuka, kinamtengenezea nafasi Mukhwana
na mgongo wake mbovu.
Cha kwanza kinamkumbuka mtu mfupi
wa mji fulani huko, ambaye hatukumjua.

Sasa naendesha mimi.
Kwenye kiti cha baba mguu haufiki breki.
Kile cha mgeni kinanikaa
kama kiatu nilichopimiwa.
Cha pili sijakifuta. Nikioshewa gari
nakibonyeza, nasimama nje, natazama kikirudi.

Juzi nilimpa lifti Jerotich, anayesoma Kijapani.
Nikawasha. Bibi akasema neno lake.
Jerotich akaangua kicheko:
"Anasema kadi haijaingizwa.
Kadi ya kulipia barabara."

Tulikuwa Mombasa Road, nguzo zikitupita,
juu yetu ile barabara ya kulipia,
iliyofunguliwa baba akiwa ameshazikwa.
Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anadai.

Sina, mama, nikamwambia.
Asante, na wewe siku njema.
Nikashika njia ya chini.