Mpaka Mwisho wa Mwezi

Baba aliiegesha, akasema: mpaka mwisho wa mwezi.
Mwezi ule ulikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Yalitangulia magurudumu,
manne kwa mpigo, siku ya soko Chavakali,
Mideva akalipiwa kidato cha pili.
Redio ikawa sare za Lugalia.
Usukani wa mbao, ule aliokuwa akiupaka
mafuta yetu ya kujipaka,
uliondoka usiku umefungwa shuka kama mgonjwa,
nami Kageha, kitinda mimba, nikaenda bweni
na sanduku jipya la bati.
Sikuuliza limetoka wapi.

Ndivyo tulivyoila Datsun ile, muhula kwa muhula,
ikabaki gamba juu ya matofali,
milango miwili, pua ndefu
kama sange anayenusa mchwa.
Kuku wa mama wakahamia kiti cha dereva.
Walitaga humo hadi springi zikachomoza.

Okwaro, fundi wa Kibuye, aliizunguka mara mbili.
Akaigusa sakafu kwa kidole; kidole kikapita.
"Dada, hii si kutengeneza. Hii ni kufufua,
na mimi si mhubiri."
Lakini magharibi ilimkuta chini yake bado,
miguu tu nje, akisema na boliti kwa Kijaluo,
mara anaibembeleza, mara anaitukania ukoo.

Tulitoa kiota cha panya kwenye ekzosi.
Tulitoa petroli iliyoganda kama gundi ya seremala.
Na katika kisanduku cha dashibodi, chini ya manyoya,
daftari la kurasa thelathini na mbili,
mwandiko wa baba, umenyooka kama alivyokuwa karani:

*Redio – Asava, Mudete – mia nne.*
*Magurudumu – Asava huyo huyo.*
*Usukani – mwenye baa, Luanda.*
Na kila mstari, pembeni, kwa penseli:
*nitarudi.*

Nilikaa pale na kuku wakanishangaa.

Basi nikarudi mimi.
Luanda usukani ulikuwa ukutani, umepigiliwa misumari,
katikati yake kalenda ya mwaka uliokwisha.
Mwenye baa, mtoto wa yule wa kwanza,
alitaka elfu tisa na hadithi yake.
Nilimpa vyote viwili.
Asava alishakufa. Magurudumu nayaona Mudete
yakibeba mitungi ya maji juu ya mkokoteni,
na kijana anayeusukuma anapiga mluzi.
Nikageuka. Si kila deni ni la kudai.

Boneti tulipata ya buluu; mwili ni mwekundu.
Iache hivyo, nikamwambia Okwaro,
hata mimi nimeungwaungwa.

Siku ya kuiwasha, baba aliletwa na kiti chake.
Macho yake yameshashusha pazia.
Ilikohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikatema moshi
mweusi, kisha wa kijivu, kisha ikaanza kusema,
na kuku wote wa boma wakaruka ua.
Niliutazama uso wa baba nikingoja chozi.
Aliinamisha kichwa tu, akasikiliza.
"Ya tatu inagonga."
Okwaro akacheka mpaka spana ikamponyoka:
ni ya tatu kweli.

Jumamosi tukateremka, Majengo, Kiboswa,
baba kando yangu akihesabu gia kwa mguu wake,
akikanyaga klachi isiyokuwepo,
na kule chini ziwa limelala kama bati jipya.
Mamboleo rejeta ikachemka.

Tulisimama. Okwaro akaenda kuomba maji.
Kijana mmoja, shati limechomekwa, akaizunguka,
akachungulia, akapapasa mbao ya usukani.
"Mama, inauzwa?"

Januari mwanangu anaingia kidato cha kwanza.
Nilifungua mdomo. Naapa, nilikuwa na bei.

Sauti ikatoka kando yangu, kavu, ya karani:
"Njoo uulize mwisho wa mwezi."