Kitabu cha Saba

Nilikingoja miezi kumi na minne.
Maktaba ya Kemi ina nakala mbili tu; moja iliingia sauna na msomaji wake,
ikarudi imevimba kama mkate.
Mimi nilikuwa wa thelathini na moja kwenye foleni.

Nikakifungua saa tisa usiku, zamu ya kufua,
mashuka ya hospitali yakizunguka mgongoni kwangu
na theluji kavu ikikwaruza dirisha.
Inspekta Tuulikki Rautio, nikanong'ona, umerudi.

Sura ya pili wakampiga risasi ya bega.
Sawa. Bega hupona.
Sura ya tano, bado kalala.
Sura ya tisa, anapiga chafya.
Sura ya kumi na mbili kijana mpya, Eerik,
mwenye koti la ngozi na baba aliyemtesa,
anamletea zabibu, anamweleza kesi
kama mtu amwelezavyo mtoto kwa nini mbwa hakurudi.
Naye anaitikia! Tuulikki!
Yeye aliyemjua muuaji kwa jinsi alivyofunga kamba za viatu,
aliyevuka mto wa barafu kwa magoti,
aliyemwambia mkuu wa polisi, "Umekalia ushahidi,"
na kweli, mzee alikuwa ameukalia.

Eerik anakimbia. Eerik anapenda.
Eerik analia kwenye mvua, kurasa nne.
Ewe mwandishi, umevua papa
ukamkata chambo cha dagaa.

Nikahesabu: kurasa mia nne na sita.
Yeye kumi na tisa. Katika hizo, sita anakoroma.

Nilikuwa karibu kukifunga
nilipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mkono unaotetemeka:
"Yuko wapi?"
Chini yake, wino wa kijani:
"Dirishani. Anatazama gari jeupe."
Chini zaidi, mwingine, kwa haraka:
"Limepita mara tatu. Eerik hajaliona."

Nikafunua mbele. Ukingo mzima ulikuwa na watu.
Mmoja kamtoa dripu. Mmoja kamwibia nesi funguo.
Mmoja kaandika tu, "Polepole, mama, ngazi zina barafu,"
na hapo ndipo walipokomea, ukurasa wa mia tatu na moja,
mlango wa nyuma, usiku, miguu mitupu.

Mashine ikapiga kengele. Mashuka yakatulia.
Nikachomoa kalamu ninayoandikia namba za wodi,
nikaangalia nyuma, kama mwizi,
nikaandika kwa herufi ndogo:
"Anavaa viatu. Bega linamuuma.
Anavaa."