Umeme wa Saa Nane ya Usiku

Saa nane ya usiku Kadutu inapiga kelele:
umeme!
Watoto wa Nshobole wanashangilia nyuma ya ukuta
kana kwamba mtu amefunga bao.
Nami nainuka, magoti yakilalamika kabla ya mdomo,
natafuta pasi chini ya kitanda.

Siku tatu nimeungojea.
Sare mbili za shule, shati la kwaya la Akonkwa,
simu ya kuchaji, maharagwe ya kuchemsha
kwenye jiko lenye mguu mmoja uliofungwa waya.
Nani hupiga pasi saa nane ya usiku?
Mimi. Na wanawake wa mtaa mzima,
madirisha yamewaka kilimani, juu hadi chini,
kama tumeitwa kwenye mkesha mmoja.

Nilitaka kunung'unika. Maneno nilikuwa nayo tayari:
juu ya kampuni ya umeme, juu ya Akonkwa
aliyekwenda Kamituga kuchimba dhahabu
na hutuma salamu tu,
juu ya mvua ya Aprili iliyobeba jiko langu la nje
pamoja na ukuta, sufuria na mparachichi,
hata leo sijui vilisimama wapi.

Mungu, kwa ule mporomoko sikushukuru.
Usinisubiri hapo.
Mama Cibalonza wa kikundi cha maombi aliniambia
nishukuru kwa yote. Nikamtazama,
nikamwonyesha matope kwenye kucha.
Hakujibu. Alivua viatu vyake vya Jumapili,
akashika koleo.

Tangu siku ile najifunza shukrani
kama mtu anayeshuka Kadutu mvua ikinyesha:
kisigino kwanza, hatua moja,
na mkono ukitafuta kitu cha kushika.
Usiku huu nashika pasi.
Ina moto. Nashukuru.
Kola ya binti yangu imenyooka, ingawa kitambaa kimechakaa
hadi naona kidole changu upande wa pili.
Nashukuru kidole.
Maharagwe yamepasuka, harufu imewafikia waliolala,
mdogo anatafuna hewa ndotoni.
Nacheka peke yangu. Hiyo nayo iandike, Bwana.

Shati la Akonkwa nimeliacha mwisho.
Miezi saba halijavaliwa.
Nalinyoosha hata hivyo, mikono yote miwili,
nalitundika msumarini,
na bado lina joto
umeme unapokatika.

Gizani nasema asante.
Naisema tena, kwa sauti,
kwa sababu ile ya kwanza
sikuwa nimeiamini.