Ya Hamsini

Aikande ameileta kituoni Moshi
ndani ya blanketi la kijivu, kama mtoto mwenye degedege.
Koplo Nyamuhanga anachomoa magazini,
anaikoki, anachungulia chemba. Tupu.
Ukutani nyuma yake imeegemea pacha wake,
mtutu uleule mfupi,
mkanda uliochakaa kwa bega la serikali.

"Marehemu alikuwa na kibali?"
"Cha risasi hamsini. Hizi ni arobaini na tisa."

Kalamu inasimama.

"Hii haimwagi, mama. Kidole kimoja, risasi moja."
"Najua. Moja ilitosha."

Usiku wa mavuno, majani ya kahawa yalitikisika,
mume wangu akasema, mwizi.
Asubuhi tulimzika mbwa wetu Simba
pembeni ya mgomba, hatukusemezana.
Tangu hapo kila Jumamosi alijifungia chumbani,
akaipaka mafuta
polepole, kama anayeosha maiti.

Koplo anaandika: *moja, imetumika.*
Hajauliza juu ya nani.

Aikande anaifunga stakabadhi kwenye pindo la kanga.
Blanketi amebaki nalo.
Barabarani analikunja, analikunjua,
mikono haijui ikae wapi.