Saa Kumi Alfajiri, Sheffield

Saa ya ukutani inasema nne.
Mimi nasema kumi, na mkate haujali.
Theluji imelalia mapipa ya taka,
tanuri linanguruma kwa chini,
na Sikudhani, mwenye mtihani leo,
amekaa juu ya gunia la unga
na daftari lenye madoa ya siagi.

"Baba, logi ya themanini na moja,
kizio tatu?"

Shule niliiachia kidato cha pili.
Logi niliyoijua ni kitabu chembamba cha mwalimu,
tarakimu nnenne zilizosongamana kama siafu;
tuliambiwa tusikiguse kwa mikono michafu.

Ila donge nalijua.
Nalitandaza, siagi tumboni,
nalikunja utatu, kama barua:
tabaka tatu.
Nalipumzisha jokofuni, nalikunja tena: tisa.
Tena: ishirini na saba.
Tena...

"Nne!" Unga umeruka hadi kwenye kope zake.
Kumbe logi haiulizi zimetokea ngapi.
Inauliza umekunja mara ngapi.

"Na kwa kizio mbili?"
Basi nikunje nusu kwa nusu:
mara sita, sitini na nne, hazijatosha;
mara saba, mia na ishirini na nane, zimepita.
Kikokotoo kinasema sita nukta tatu nne.
Nani hukunja theluthi ya mkunjo?

Anacheka. "Chukua logi ya themanini na moja,
gawanya kwa logi ya mbili,
zote kwa kizio kumi.
Donge ni lile lile, Baba,
umebadili mkono tu."

Kama saa, nasema. Nne yao, kumi yetu.
"Hapana. Hapo unaongeza sita. Hugawanyi."
Haya, mwalimu.

Kwa utani anabonyeza hasi mia nne,
deni letu la kodi ya nyumba.
Kikokotoo kinaandika: kosa.
Anajaribu kizio mbili, kizio tano. Kosa.
"Deni halina logi," anasema,
na kwa kitambo hatuchekani.

Tramu ya kwanza inapita, tupu, taa zote zinawaka.
"Na moja?" namuuliza, nikifunga aproni upya.
"Sifuri. Kizio chochote kile, sifuri."

Nalitazama donge la kesho pale mezani,
jeupe, zima,
halijakunjwa na mtu.
Navua pete, naiweka mfukoni,
nanawa mikono.