Miligramu Kumi

Daktari wa Kemi aliandika bila kuinua kichwa.
Nyumbani, Tuovi akakikunjua kikaratasi cha ndani ya boksi,
akahamaki: dawa ya sonona!
"Nani kawaambia nina huzuni? Mimi nina kiuno!"

Kiuno, miaka thelathini na moja ya magunia ya unga,
na tanuri lililowashwa saa tisa za usiku.

"Kipimo hiki ni kidogo," mfamasia alimtuliza,
"moyo hakiufikii. Kinasema na mishipa tu."

Usiku wa kwanza, ulimi ulikauka kama mkate wa juzi.
Wa pili, akamwota marehemu Armas
anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, hageuki.
Wa sita, usingizi ukamchukua bila hodi.

Maumivu hayajahama.
Yamevua viatu tu,
yanapita juu ya dari na soksi,
kama mpangaji aliyekwisha kuonywa.

Leo saa tatu, nje bado giza,
kahawa inachemka, anafuta meza,
mara anajikuta anaimba.

Ananyamaza.
Anakitafuta kile kikaratasi, anakisoma upya.